Chunusi za Balehe ya Pili

Mwanaume aliyebadili jinsia, yaani mtu aliyezaliwa akaandikishwa kuwa wa kike na sasa anaishi kama mwanaume, huanza tiba ya testosteroni akiwa na mambo anayoyasubiri kwa hamu. Sauti iwe nzito. Hedhi ikome. Ndevu ziote. Ngozi haimo sana katika hesabu zake, lakini ndiyo inayotangulia kubadilika. Baada ya dozi za mwanzo uso huanza kung'aa mafuta kabla ya adhuhuri, jasho hubadilika harufu, na miezi michache baadaye chunusi hujitokeza kwenye taya, kidevu, kifua, mabega na mgongo. Akilalamika huambiwa: hiyo ni balehe ya pili, vumilia, zitapita.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linadhuru. Chunusi nyingi hupita kweli. Lakini kwenye ngozi nyeusi chunusi ikipita huacha doa, na doa hukaa miezi, pengine miaka. Aliyeambiwa avumilie mwaka mmoja hujikuta mwaka wa pili anapambana na kitu kigumu kuliko chunusi yenyewe. Nashikilia kwamba karibu kila tatizo la ngozi linalowapata wanaume hawa lina tiba inayojulikana, na nyingi ya tiba hizo ni dawa za kawaida kabisa. Kinachowaumiza ni kuchelewa. Na wanachelewa kwa sababu kuna maswali ambayo mhudumu wa afya hajui kuyauliza, na mgonjwa naye anaogopa kuulizwa.

Tuanze na kinachotokea chini ya ngozi. Tezi za mafuta zimeshikamana na mashina ya vinyweleo, na ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktasi ambacho huigeuza testosteroni kuwa dihaidrotestosteroni, au DHT, homoni yenye nguvu zaidi. DHT huzifanya tezi zikue na kumwaga mafuta kwa wingi. Wakati huohuo seli zilizokufa hujikusanya kwenye mlango wa kinyweleo na kuuziba. Bakteria waitwao Cutibacterium acnes huneemeka katika mafuta yaliyonaswa humo, mwili unajibu, na kipele kinavimba. Vitabu vingi vya tiba husema kipele hicho ni chekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni uvimbe wenye rangi ya zambarau au weusi uliokolea, na daktari aliyezoea picha za vitabuni anaweza kuudharau.

Hii ni njia ileile anayoipita mvulana wa miaka 14. Tofauti ni kwamba homoni za mvulana hupanda polepole kwa miaka kadhaa, ilhali mtu mzima aliyeanza tiba hufikishwa kwenye kiwango cha mwanaume ndani ya miezi michache.

Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwafuatilia wanaume 20 waliokuwa wanaanza testosteroni, pamoja na kuwapima wengine 50 waliokuwa wameitumia kwa wastani wa miaka 10. Kwa wengi wa walioanza, chunusi zilifikia kilele mwezi wa sita. Waliokuwa na miaka mingi kwenye tiba wengi wao walikuwa na chunusi chache au hawakuwa nazo kabisa, na matatizo makali ya ngozi hayakuonekana. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mwingine, wa kituo cha Fenway Health cha Boston, uliopitia mafaili ya wagonjwa 988. Kabla ya testosteroni, asilimia 6.3 walikuwa wameandikiwa ugonjwa wa chunusi. Baada ya kuanza, wakafika asilimia 31.1.

Tafiti hizi mbili hazipingani. Wa kwanza unaeleza mwendo wa chunusi mwilini, wa pili unahesabu waliofika kwa daktari na tatizo lao likaandikwa. Ambaye hakulalamika hakuhesabiwa. Tena zote mbili zilifanyika katika miji ambayo wagonjwa wake wengi ni Wazungu, kwa hiyo zinapotuliza kwa kusema chunusi hupungua zenyewe, hazisemi mengi kuhusu ngozi iliyobaki baada ya kupungua huko.

Na ngozi iliyobaki ndiyo hoja. Kila ngozi nyeusi inapovimba au kujeruhiwa, seli zinazotengeneza rangi huchachamaa na kumwaga melanini ya ziada mahali hapo. Doa linalobaki si kovu. Ngozi haijachimbika wala kuinuka, imebadilika rangi tu. Likiwa juu juu litafifia katika miezi. Rangi ikishuka kwenye tabaka la chini huchukua muda mrefu zaidi, na jua likiliwakia kila siku hurudisha nyuma kila hatua iliyopigwa. Hesabu yake ni rahisi: kila kipele kilichozuiwa mwezi wa tatu ni doa ambalo halitahitaji kutibiwa mwaka wa pili. Kwa mtu mweusi anayeanza testosteroni, sioni sababu ya kungoja chunusi zikomae ndipo atafute dawa. Dawa ianze zinapochomoza za kwanza.

Dawa zenyewe ni zilezile za kijana yeyote mwenye chunusi. Adapalini, iliyo katika kundi la vitamini A, hufungua vinyweleo vilivyoziba na husaidia pia kufifisha madoa. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mwanzoni siku moja ukiruka moja, kwa sababu wiki za kwanza hukausha na kuchubua. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 huua bakteria, na bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Mwenye kuitumia ajue kwamba hupausha nguo: taulo jeusi, foronya, na hata fulana ya kubana kifua iliyonunuliwa kwa shida, vyote hutoka mabaka ya rangi ya chungwa. Kwa mgongo na kifua ni bora itumike ya kuoshea, ikae dakika chache, isuuzwe, na nguo ya kwanza kuvaliwa iwe nyeupe. Asidi ya azelaiki hufaa sana ngozi nyeusi kwa kuwa hutibu chunusi na madoa kwa pamoja. Hakuna kati ya hizi inayoonyesha kazi yake kabla ya wiki 8 hadi 12, na wengi huziacha wiki ya tatu wakidhani zimeshindwa.

Juu ya dawa hizo iwekwe losheni ya kukinga jua. Wapo wanaoamini kwamba losheni hiyo ni ya Wazungu, na imani hiyo imewagharimu watu weusi wengi. Mwanga unaoonekana kwa macho, si miale ya urujuanimno peke yake, huyakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi, na losheni zenye rangi ya kahawia itokanayo na oksidi ya chuma huuzuia vizuri zaidi kuliko zile nyeupe. Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi kimekuwa kikitengeneza losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Hatari kubwa madukani kwetu ni mkorogo. Kijana mwenye madoa mashavuni akiingia duka la vipodozi akasema anataka kitu cha kuondoa weusi, upo uwezekano mkubwa atatoka na kikopo chenye mchanganyiko wa haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali kama klobetasoli. Wiki mbili za kwanza ataona muujiza. Steroidi hutuliza uvimbe na uso unakuwa mlaini. Kisha ngozi hukonda, mishipa huanza kuonekana, na vipele vipya hutokea kwa sababu steroidi yenyewe huleta chunusi. Akiacha, zinalipuka upya. Mtu ambaye tayari anapokea homoni inayoamsha tezi za mafuta hana nafasi ya kuongeza adui wa pili. Mafuta ya nazi usoni nayo niyataje hapa, ingawa ni kitu chema jikoni na nyweleni: huziba vinyweleo, na mwenye chunusi ayaepuke.

Zipo dawa mbili ambazo daktari wa ngozi humwandikia mwanamke mwenye chunusi za homoni bila kufikiri mara mbili, na ambazo hapa zahitaji tahadhari. Spironolaktoni huzuia kazi ya homoni za kiume, yaani inavuta kamba upande ule mgonjwa anaoutoroka. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo wengi hawavitaki, kwa sababu wametumia nguvu nyingi kuachana na homoni hiyo. Kuna pia klaskoteroni, krimu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, inayozuia homoni za kiume kwenye ngozi palepale inapopakwa. Kwa nadharia inawafaa sana watu hawa, maana haigusi sauti wala misuli. Bei yake bado haijawa ya mtu wa kawaida.

Chunusi zikiwa kubwa, zenye mizizi mirefu na maumivu, zinazochimba makovu, dawa inayozikomesha ni isotretinoini. Ni vidonge vinavyomezwa kwa miezi mitano hadi saba hivi, vilivyoingia soko la Marekani mwaka 1982, na huzifanya tezi za mafuta zisinyae. Hapa ndipo suala lote hufikia kilele chake, kwa sababu isotretinoini ikimkuta mtu ana mimba humharibu mtoto vibaya: ubongo, moyo, masikio, uso.

Je, mwanaume aliyebadili jinsia anaweza kushika mimba? Kama bado ana kizazi na mayai, na anashiriki tendo linaloweza kuleta mimba, ndiyo. Testosteroni hukata hedhi kwa wengi ndani ya miezi michache, lakini hedhi kukatika si uthibitisho kwamba mayai hayatoki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliwahoji wanaume 41 waliowahi kubeba mimba baada ya kuanza kuishi kama wanaume. Asilimia 61 walikuwa wamewahi kutumia testosteroni kabla ya mimba hiyo, na wapo walioshika mimba hedhi ikiwa bado haijarudi. Imani kwamba sindano ya testosteroni ni kinga ya mimba imeenea miongoni mwa wenyewe na miongoni mwa madaktari, na ni imani ya hatari.

Marekani ilijaribu kulidhibiti jambo hili kwa mfumo wa usajili uitwao iPLEDGE, ulioanza mwaka 2006. Kila anayetumia isotretinoini lazima asajiliwe. Anayeweza kushika mimba hupimwa kila mwezi na kutakiwa kutumia njia mbili za kinga au kuahidi kutokujamiiana. Ila mfumo ule uliwagawa watu kwa jinsia, wanaume huku na wanawake kule. Kwa miaka 15, mwanaume mwenye ndevu na kitambulisho cha kiume aliyehitaji dawa hii alitakiwa kukubali kusajiliwa kama mwanamke. Wapo walioikataa dawa kwa sababu hiyo. Upande wa pili daktari aliyeandika "mwanaume" bila kuuliza lolote alimpa mgonjwa dawa hiyo bila kinga yoyote. Desemba 2021 makundi yakabadilishwa: sasa kuna wanaoweza kushika mimba na wasioweza. Mabadiliko madogo ya maneno kwenye fomu, na ghafla swali likawa la kitabibu, lisilomdhalilisha mtu.

Hilo ndilo swali ninalotaka lifike kwenye kliniki zetu. Daktari wa ngozi wa Nairobi, Arusha au Kampala hahitaji mfumo wa kompyuta ili kuuliza faraghani: "Kizazi bado kipo? Katika maisha yako ya sasa, mimba inawezekana?" Jibu likiwa ndiyo, zipo njia zisizo na estrojeni: kitanzi cha shaba, kitanzi chenye projestini, kijiti cha mkononi. Kijiti na kitanzi cha shaba hutolewa katika vituo vingi vya uzazi wa mpango Afrika Mashariki. Jibu likiwa hapana, kwa sababu kizazi kilishaondolewa au kwa sababu wenza wake ni wanawake waliozaliwa wanawake, asilazimishwe kila mwezi kupima kitu kisichowezekana.

Vipimo vya damu navyo viangaliwe kwa pamoja. Isotretinoini hupandisha mafuta ya damu aina ya trigliseridi, na testosteroni yaweza kuyapandisha pia. Daktari wa homoni na daktari wa ngozi wanapofanya kazi bila kujuana, kila mmoja anaona nusu ya picha.

Hapa nigusie hali ya kwetu, kwa kuwa huwezi kuzungumzia matibabu bila kuzungumzia mlango wa hospitali. Kijana amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, ndevu changa kidevuni, kofia imeshushwa. Muuguzi anatoka na rundo la kadi, anaita kwa sauti jina la kike lililo kwenye kitambulisho. Akisimama, ukumbi mzima unageuka. Asiposimama, kadi yake inawekwa chini na zamu yake inapotea. Kenya mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, na kesi ile ilifungua mlango wa sheria kwa kiasi chake. Uganda mambo yamekazwa zaidi baada ya sheria ya mwaka 2023 ya kupinga ushoga. Tanzania wengi hujificha tu. Matokeo yake kwa ngozi ni ya moja kwa moja: mtu hupata testosteroni kwa njia za pembeni, hapimwi kiwango chake, na chunusi zikimzidi hana daktari wa kumwambia ukweli wa kile anachojidunga. Chunusi zilizolipuka ghafla, pamoja na hasira na jasho jingi, mara nyingine ni dalili ya dozi iliyozidi. Hazitakwisha kwa sabuni.

Kuna jambo kuhusu kujidunga linalofaa kutajwa. Testosteroni ya enanthati au sipionati ikidungwa kila baada ya wiki mbili hupanda juu sana siku za kwanza kisha hushuka. Mwongozo wa chama cha madaktari wa homoni wa Marekani wa mwaka 2017 unaruhusu kuigawa dozi hiyo kuwa nusu kila wiki, na wapo madaktari wanaofanya hivyo chunusi zikisumbua ili kiwango kisiyumbe. Kinachofanywa mara nyingi zaidi, nacho ni kibaya, ni mgonjwa kuacha sindano mwenyewe au daktari kuishusha dozi haraka kwa ajili ya vipele. Kwa mtu huyu homoni siyo pambo. Chunusi zenyewe zimeonekana kwenda sambamba na sonona na wasiwasi miongoni mwa watumiaji wa testosteroni, kama utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 ulivyoonyesha, lakini kumnyang'anya homoni ili kuusafisha uso kunaweza kumrudisha kwenye dhiki kubwa kuliko ile aliyoitibu. Ngozi itibiwe kama ngozi.

Kabla ya upasuaji wa kifua, yaani wa kuondoa matiti, wengi huvaa fulana ya kubana ili kifua kionekane bapa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watu 1,800 waliowahi kubana kifua, kutoka nchi 38: asilimia 97.2 walitaja angalau dhara moja kati ya 28 waliyoulizwa, na zaidi ya nusu walisema mwili huzidiwa na joto. Fikiria Mombasa mwezi Februari, ndani ya matatu iliyojaa saa nane mchana, nguo ya nailoni imeshikana na ngozi kuanzia kwapani hadi chini ya mbavu na juu yake shati, tena pana, ili umbo lisionekane. Jasho halina pa kwenda. Jioni fulana inapovuliwa, chini ya matiti pamechubuka na panawaka, harara imetapakaa ubavuni, na mstari mweusi umejichora pale pindo linapobana. Pakiachwa hivyo siku baada ya siku, fangasi huingia kwenye mikunjo, na weusi hukaa hata baada ya fangasi kutibiwa.

Ushauri uliozoeleka ni kutokuzidisha saa nane kwa siku, kutolala nayo, na kupumzika siku moja moja. Kwa hali ya hewa ya pwani naona saa nane ni nyingi. Fulana mbili za kupokezana ni muhimu kuliko moja ya bei ghali, ili ile iliyoloa ifuliwe na kukauka kabisa. Ndani yake ivaliwe singlendi nyepesi ya pamba. Bendeji za kuvuta na tepu ya kufungia mabomba zisitumike kamwe: bendeji huzidi kubana mtu anapopumua, na tepu hiyo huondoka na ngozi. Tepu maalumu za kifua nazo huweza kuleta mzio na malengelenge. Zijaribiwe kwanza kipande kidogo kwa siku moja, na zitolewe kwa mafuta, polepole, si kwa kuvuta.

Kuna kosa la utambuzi ambalo hutokea hapa mara kwa mara. Vipele vidogo vya kifuani na mgongoni vinavyofanana vyote kwa ukubwa, na vinavyowasha, mara nyingi si chunusi. Ni fangasi aina ya Malassezia waliojaa kwenye vinyweleo, wanaopenda mafuta, jasho na nguo za kubana, yaani kila kitu ambacho mwanaume huyu anacho. Akipewa doksisaiklini kama mgonjwa wa chunusi, vipele huongezeka, kwa kuwa antibiotiki huwaondoa bakteria na kuwaachia fangasi uwanja. Ketokonazoli, hata ile ya shampuu ikipakwa kwenye ngozi na kuachwa dakika tano hadi kumi kabla ya kuoshwa, huwapunguza. Kuwasha ndilo swali la kuuliza.

Ndevu ni furaha, na ni haki yake kuifurahia. Ila nywele za mtu mweusi zimejikunja tangu kwenye shina. Zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake huwa kali kama sindano. Inapoota hujipinda na kuichoma ngozi upya, au huitoboa kutokea ndani kabla haijatoka nje. Mwili huiona kama mwiba, na vipele vya ndevu hutokea shingoni na chini ya taya. Mwanaume aliyekua na baba au kaka wa kumfundisha huyajua mambo haya tangu ujana. Huyu hakufundishwa na mtu, tena ameambiwa kwamba akinyoa kila siku ndevu zitajaa haraka. Hazijai kwa kunyoa. Wembe hauligusi shina. Kwa kinyozi anakaa kwa raha ya kuwa miongoni mwa wanaume, mashine inapitishwa mpaka sifuri, ngozi ikivutwa ili ikatwe vizuri, halafu spiriti. Kila hatua katika hizo inamwandalia vipele.

Aombe mashine iache milimita moja hivi. Nywele zinyolewe kufuata zinakoelekea, ngozi isivutwe, na vipele vikishajitokeza aache kunyoa kwa wiki kadhaa. Adapalini husaidia hapa pia. Ambao vipele vimewakalia kabisa wana njia ya leza, na kwa ngozi nyeusi iwe ile ya Nd:YAG, kwa sababu leza za mawimbi mafupi zaidi huweza kuiunguza. Wanaopaka minoksidili ili ndevu ziote haraka, nao ni wengi siku hizi, wajue kwamba matumizi hayo hayamo kwenye idhini ya dawa hiyo, kwamba kiyeyushi chake hukausha na kuwasha uso, na kwamba kwa paka wa nyumbani ni sumu ya kuua.

Upasuaji wa kifua huleta suala la makovu. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, huwapata watu weusi zaidi, na kifua, hasa juu ya mfupa wa katikati, ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza. Kwa hiyo mahali mikato miwili ya upasuaji, mmoja kila upande, inapoishia si suala la urembo tu. Ikikutana katikati ya kifua hatari huongezeka. Mwenye keloidi ya sikio kutokana na kutoboa, au ambaye mama yake au ndugu zake wanazo, amwambie mpasuaji kabla ya kisu, ili mpango wa kinga uwepo tangu mwanzo: vibandiko vya silikoni jeraha likishafunga, kutonyanyua vitu vizito mapema ili kovu lisivutwe, losheni ya jua, na sindano za steroidi iitwayo triamsinoloni zinazoanza mara kovu linapoonyesha kuinuka na kuwasha, si baada ya mwaka. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa zaidi.

Wanaotumia jeli ya testosteroni wana tahadhari yao. Jeli hupita kwa kugusana. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe baada ya watoto kuonyesha dalili za balehe kwa kugusana na watu wazima waliojipaka. Mwenye mtoto mchanga au mwenza ajipake sehemu itakayofunikwa na nguo, anawe mikono, asubiri ikauke. Wanaojidunga nao wauangalie mzio wa mafuta yaliyobeba dawa: Sustanon ina mafuta ya karanga, nyingine zina ya ufuta au ya mbegu za pamba.

Kisha, miaka ikienda na chunusi zikitulia, ile DHT iliyojaza uso mafuta hugeukia nywele za kichwani. Katika kundi la Ghent lililokuwa na miaka mingi kwenye tiba, takriban theluthi walikuwa na upara wa wastani au mkubwa, na theluthi nyingine nywele zilikuwa zimeanza kurudi nyuma kwenye paji. Wapo wanaoupokea upara kama urithi wa baba na babu zao na hawautaki utibiwe. Wasioutaka huandikiwa finasteridi, inayozuia kutengenezwa kwa DHT, na hapa wakati ni kila kitu. Ikianza mwaka wa kwanza inaweza kuzichelewesha ndevu na nywele za mwili ambazo ndiyo kwanza zinaota. Ikianza baada ya miaka kadhaa, ndevu zikishakuwa imara, hatari hiyo ni ndogo. Nayo pia, kama isotretinoini, humdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kwa hiyo lile swali la kizazi halikuisha chunusi zilipoisha. Liulizwe tena siku finasteridi inapoandikwa.